Picha za kalenda

Muswada wangu wa kwanza ulirudi ukiwa na alama moja tu ya kalamu nyekundu. Ukurasa wa saba, mstari mmoja ulikuwa umezungushiwa duara, na pembeni kumeandikwa: "Hii naipigaje picha?"

Mstari wenyewe ulisema: "Miaka mitatu inapita, Mwanaidi anahangaika na maisha."

Aliyeandika alikuwa msimamizi wa uzalishaji wa ile filamu fupi, mama mtu mzima aliyeanza kazi hizi enzi za mikanda ya VHS. Nilimfuata nikiwa na majibu yangu tayari. Nikamwambia, mama, hapo ni montaji, picha zitapita harakaharaka, juu yake kuna muziki, mtu ataelewa tu. Alinitazama kwa juu ya miwani.

"Mwanangu, montaji siikatai. Nakuuliza hivi: kesho saa kumi na mbili asubuhi kameramani kawasha kamera. Mbele ya lenzi kuna nini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Baadaye sana ndipo nilipojua ule mstari nilikuwa nimeutoa wapi. Nimekulia Tanga, na filamu nilizijulia kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, dirisha limezibwa kwa gunia, DJ amekaa pembeni na maikrofoni anatufasiria. Filamu nyingi zilikuwa za ngumi. Kila filamu ya ngumi ina ile sehemu ambayo kijana aliyepigwa anakwenda kujifua ili akalipize kisasi, na hapo DJ wetu alikuwa hashikiki: "Sasa jamaa kaingia porini kupiga tizi! Wiki ya kwanza hoi. Mwezi wa pili kaanza kuiva. Mwaka ukakatika, mtu akawa chuma!" Sisi tunashangilia. Kwenye skrini kijana alikuwa anapanda ngazi na ndoo za maji, mara ya kwanza maji yanamwagika, mara ya mwisho hayamwagiki. Mimi maneno ya DJ yaliniingia kichwani. Yale maji sikuyaona.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika, nilimwandikia DJ. "Miaka inapita", "anahangaika", "hatimaye anafanikiwa": hayo ni maneno ya mtu mwenye maikrofoni. Kamera haina mdomo.

Nikarudi mezani. Hadithi ilikuwa ya msichana anayeuza maandazi stendi ili anunue cherehani. Nikaandika upya:

MONTAJI – MWANAIDI NA BIASHARA
– Mwanaidi anauza maandazi stendi.
– Mwanaidi anauza maandazi nje ya shule.
– Mwanaidi anatembea juani na ndoo kichwani.
– Mwanaidi anahesabu hela usiku.
– Mwanaidi anaingia dukani, anatoka na cherehani.
MWISHO WA MONTAJI

Yule mama akasoma, akatikisa kichwa kukubali. Kweli kila mstari ulipigika picha. Nikaona nimefuzu. Kisha pesa za filamu zikakwama kama zinavyokwama siku zote, muswada ukaingia kabatini, nami nikapata kibarua cha kuandika tamthilia ya televisheni. Huko ndiko nilikoumbuka.

Mhusika mkuu wa tamthilia alikuwa amepoteza mchumba, na dairekta alitaka tuone alivyopona. Mimi huyo nikaandika montaji ya shoti kumi na moja. Dada yuko hospitali. Dada yuko kwenye kivuko cha Kigamboni, upepo unampeperusha mtandio. Dada ananunua maua. Yuko ufukweni jua linazama. Yuko kwenye harusi ya rafiki yake, anajilazimisha kucheka. Na kadhalika mpaka kumi na moja, zote zimekaa kwenye nusu ukurasa. Nilijisifu kwa ufupi wake.

Asiyewahi kukaa kwenye kikao cha ratiba hajui kwamba hapo nilikuwa nimetega bomu. Kwa makadirio ya kazi, ukurasa mmoja wa muswada uliopangwa vizuri ni kama dakika moja ya filamu, na katika kupanga ratiba kila ukurasa hugawanywa sehemu nane. Montaji yangu ilisomeka thumuni nne. Mtu akiangalia namba hizo anasema, aa, hii tunaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ilitula siku mbili. Shoti kumi na moja zilikuwa lokesheni tisa, mavazi tisa, na harusi inayohitaji wageni, keki na mtu wa kukaa kama bwana harusi. Kwenye kivuko tulihitaji kibali, kisha tukakivuka kwenda na kurudi mara nne kwa sababu kila abiria alikuwa anaitazama kamera. Jua la kuzama lilizama tukiwa bado kwenye foleni. Wakati huohuo mazungumzo ya kurasa mbili, watu wawili kwenye kochi, yalimalizika kwa saa tatu.

Tangu hapo, kila ninapoandika alama ya shoti mpya ndani ya montaji huwa naliona gari la vifaa likiwashwa kuhama. Na huko kwa wenye pesa zao mambo hayakuwa rahisi zaidi: lile tukio la mauaji bafuni katika filamu ya Psycho ya Alfred Hitchcock, iliyotoka mwaka 1960, kisu kinafanya kazi yake kwa muda usiofika dakika moja, lakini upigaji wake ulichukua siku saba.

Maumivu ya pili niliyakuta kwa edita. Alikuwa na chumba chake Sinza, feni moja, kompyuta mbili, na mashine ya kuhifadhi umeme iliyokuwa inalia kila TANESCO walipotukumbuka. Nilikwenda kuitazama montaji yangu nikijua nitalia machozi ya furaha. Nilikuta shoti nne. Kumi na moja, siku mbili, kivuko mara nne, na zimebaki shoti nne.

"Kaka, nyingine ziko wapi?"

"Zipo." Akazifungua moja moja. Zilikuwa nzuri, na hata yeye alikiri. Ile ya kivuko ungeweza kuitia kwenye fremu. "Lakini dada, wewe umeniletea picha za kalenda. Januari kivuko, Februari maua, Machi ufukwe. Nikiiweka Machi kabla ya Januari nani atajua?"

Akaziburuta kwenye kompyuta, akazipangua. Ufukwe ukaja mwanzo, hospitali mwisho. Tukaitazama. Hakuna kilichoharibika. Akazipangua tena. Nikaanza kuona aibu, maana montaji ambayo unaweza kuichanganya kama karata bila kupoteza kitu ilikuwa haina kitu tangu mwanzo.

Kisha akanionyesha jambo ambalo hakuwa amelipanga, alikuwa anacheza tu. Kulikuwa na kipande cha yule dada amekaa kwenye daladala anaangalia nje, uso wake hauna chochote, nadhani hata hakujua kama kamera inakwenda. Edita akaweka kwanza shoti ya kitanda cha hospitali kilichotandikwa upya, kisha ule uso. Huzuni ikanikaa kooni. Akaondoa kitanda, akaweka watoto wanaocheza kwenye maji ya bomba, kisha uso uleule. Nikaapa yule dada anatabasamu. Ni uso mmoja, sekunde zilezile.

Edita alidhani amegundua yeye. Nami nilimwacha na furaha yake mpaka nilipokuja kusoma kwamba Mrusi Lev Kuleshov alilifanya jambo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alichukua uso mtupu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, akauunganisha na bakuli la supu, na mtoto ndani ya jeneza, na mwanamke aliyejinyoosha kwenye kochi. Watazamaji, inasimuliwa, wakamsifu mwigizaji kwa kujua kuonyesha njaa, msiba na tamaa. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kina Kuleshov baada ya mapinduzi ya Urusi hawakuwa na filamu mbichi, yaani mkanda mtupu wa kupigia picha, ya kutosha. Ukosefu uliwafanya wakae na vipande vilevile, wavikate na kuviunga upya. Hata neno lenyewe, montaji, ni la Kifaransa, na maana yake ni kuunganisha vipande, kama fundi anavyoifunga mashine aliyoifungua. Huko Ufaransa linatumika kwa uhariri wote wa filamu. Sisi tumelichukua kwa kipande kimoja tu, kile cha muda kupita.

Tukiwa bado na edita, nilimuuliza kwa nini amebakisha zile nne. Akasema hakuzichagua kwa uzuri. Hospitali dada ameshika simu ya marehemu. Nyumbani simu ile inaita, haipokei. Kisha simu iko kwenye chaji, ameiwekea chaji mwenyewe. Mwisho anampigia mama wa marehemu kwa simu hiyohiyo. Mimi niliyeandika sikujua kwamba kuna simu inatembea humo ndani. Nilikuwa nimeiweka kwa bahati tu, katikati ya maua na machweo.

Nikaitafutia jina mbinu hiyo kwa ajili yangu mwenyewe, na sikuipata kwenye kitabu chochote. Niliipata kwenye sarufi. Bibi zetu wakisimulia huunga matendo kwa -ka-: akaondoka, akafika, akamkuta, akamuuliza. Kila tendo limelishika mkono lililotangulia. Orodha ya sokoni huungwa kwa "na": nyanya na vitunguu na bamia. Sasa nikimaliza montaji naisoma kwa sauti. Kati ya shoti na shoti nikiweza kutia -ka-, au bora zaidi nikiweza kusema "kumbe", naiacha. Ikiwa neno pekee linaloingia ni "na", nafuta. Ile ya Mwanaidi niliyoitoa kabatini ilikuwa "na" mwanzo mpaka mwisho: stendi na shuleni na juani na usiku.

Pesa zilipopatikana, zaidi ya mwaka baadaye, niliomba niiandike tena. Safari hii sikuanza na Mwanaidi. Nilianza na ndoo yake. Wauza maandazi wengi nyumbani Tanga wanatumia ndoo za rangi zilizooshwa, zile nyeupe zenye mfuniko, na ile tuliyoipata ilikuwa na picha ya nyumba yenye paa jekundu. Nikaandika:

A) NDANI. CHUMBA. ALFAJIRI. Ndoo mpya, nyumba ya paa jekundu inang'aa. Imejaa pomoni. Mwanaidi anagandamiza mfuniko kwa viganja viwili mpaka unalia tap.
B) NJE. STENDI. MCHANA. Ndoo tupu. Mwanaidi anaigeuza, anaikalia, anafunga noti kwenye pindo la kanga.
C) NJE. STENDI. MVUA. Ndoo imejaa. Hakuna abiria. Mwanaidi anachukua andazi moja, analila mwenyewe.
D) NDANI. CHUMBA. ALFAJIRI. Nyumba imefutika ukuta. Mfuniko umepasuka, umefungwa kwa mpira wa tairi. Viganja vilevile, vina makovu ya mafuta.
E) NJE. STENDI. MCHANA. Mtoto anachomoa andazi, anakimbia. Mwanaidi anainuka kumfukuza, anasita, anaketi.
F) NDANI. CHUMBA. USIKU. Limebaki paa tu. Ndani ya ndoo hakuna maandazi, kuna vipande vya vitambaa. Tunasikia cherehani.

Hakuna mahali nimeandika miaka mitatu. Paa linaeleza. Na cherehani haionekani, inasikika. Hiyo ilimfurahisha yule mama wa uzalishaji kuliko yote, kwa sababu kukodi cherehani nzuri kungekula hela, mlio unarekodiwa kwa jirani. Shoti sita, lakini lokesheni mbili. Chumba kilipigwa asubuhi moja, stendi siku moja, na mvua ilikuwa bomba la maji na kijana amepanda juu ya kibanda. Tulinunua ndoo tatu za aina moja. Ya kwanza tukaiacha, ya pili tukaisugua msasa kidogo, ya tatu tukaisugua mpaka mikono ikauma.

Wazo la kubaki sehemu mbili tu silidai kuwa langu. Kuna filamu ya Marekani, Citizen Kane ya Orson Welles, ya mwaka 1941, ambayo ndoa nzima inakufa kwenye meza ya kifungua kinywa kwa muda wa dakika mbili hivi. Meza haibadiliki, wanaobadilika ni wao. Mwanzo wanatazamana kama maharusi, kisha maneno yanakuwa makali, kisha yanakwisha, na mwisho mke anasoma gazeti la washindani wa mumewe, mumewe ambaye ndiye mwenye gazeti. Nimeitazama pengine mara ishirini, na kila mara namuonea wivu aliyefikiria lile gazeti.

Ndani ya filamu yetu kulikuwa na jambo jingine ambalo nilikuwa nalichanganya na montaji, nalo ni mfululizo wa shoti. Kwenye karatasi vinafanana, vyote ni vimistari vimepangana. Lakini montaji inaukunja muda, mfululizo unaukunjua. Mdogo wake Mwanaidi anaiba ile hela kwenye pindo la kanga, dada yake amelala. Kwa saa ya ukutani ni tendo la sekunde kumi. Mwanzoni niliandika "Mdogo wake anafungua kanga, anachukua pesa, anatoka." Haikuuma. Nikaijaribu na maelekezo ya kamera, kamera inasogea, kamera inainama, kamera inarudi nyuma. Dairekta akanirudishia ukurasa bila neno, kauchora mstari toka kona mpaka kona. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake.

Niliyokuja kuandika hayakuwa na neno kamera:

Pindo la kanga. Fundo gumu.

Kucha zinatafuta kichwa cha fundo.

Mwanaidi anavuta pumzi. Mkono wake unaangukia juu ya fundo, juu ya vidole vya mdogo wake.

Mdogo wake hapumui.

Nje, jogoo.

Mkono wa Mwanaidi unageuka. Ameshalala upande mwingine.

Noti ya elfu kumi, imekunjwa mara nne.

Kila mstari ukisimama peke yake, msomaji anaona shoti, na kikitajwa kitu kidogo kama kucha, hakuna dairekta atakayekipiga kutoka barabarani. Kinachobaki ni uamuzi wake, na hilo linamfanya akupende. Kwenye skrini zile sekunde kumi zilikaribia dakika nzima, na kwenye onyesho la kwanza kuna mama mmoja aliyesema kwa sauti, "Mpumbavu wewe, amka!"

Tahadhari moja tu kuhusu kukunjua muda, maana tunao ugonjwa wetu. Walioishi enzi za Bongo Movie za CD, filamu moja ikiuzwa sehemu ya kwanza na ya pili, watakumbuka gari linakuja, linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mlinzi anafunga geti, tajiri anashuka, anafunga mlango wa gari, anatembea mpaka mlangoni. Huo nao ni mfululizo wa shoti. Ila hakuna vidole vya mtu vilivyonaswa mahali.

Na muziki. Ule wimbo niliouwaza mwanzoni ungefunika maovu yangu yote, ndiyo maana niliuwaza. Siku hizi natazama montaji kwanza bila sauti kabisa. Isitoshe, kuandika jina la wimbo wa mtu kwenye muswada ni kumpa mzalishaji kazi ya kwenda kuomba haki zake na kulipa, na wimbo maarufu unaweza kuwa ghali kuliko siku mbili za kivuko.

Shoti E, ya mtoto anayechomoa andazi, ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nilienda kwenye onyesho nikiisubiri, haikuwepo. Mvua ikafuatwa na mfuniko uliopasuka, ikafuatwa moja kwa moja na vitambaa. Nilimpigia edita usiku uleule. Akaniambia aliijaribu kila mahali, dada, haikushika mkono wa yeyote. Tukabishana mpaka salio likaisha. Kesho yake niliisoma tena kwa sauti kutoka D kwenda E, nikatafuta -ka-, nikatafuta kumbe. Nikakuta "na".

Ndoo ya tatu niliichukua mimi. Iko jikoni kwangu, naiwekea unga. Wageni huniuliza kwa nini sinunui nyingine, hii imechakaa, picha yenyewe imebaki paa.